Jina la Simu ya Shemeji

Mtu aliyesaga lenzi katika duka lile la miwani aliitwa Injinia, na alijua fika kwamba jina hilo lilianza kama mzaha. Uinjinia hakuusomea popote. Alichojifunza, tena kwa kusimama nyuma ya fundi mwingine na kukodoa macho, ni kukata lenzi ikae kwenye fremu bila kucheza. Siku moja muuza fremu, mwanamume ambaye mdomo wake haukujua likizo, alimkuta amepasua tumbo la kompyuta, vyuma vimetapakaa mezani, na baadaye akamwona amevirudisha vyote na kompyuta inawaka. Akatangaza dukani kwamba kumbe wanaye injinia na hawana habari. Watu wakacheka, jina likaganda. Mwenyewe alijitia hajali, lakini alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka, chumba chembamba chenye dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Mashine ya kukatia ilikaa mezani ikinguruma na kujimwagia maji, na unga mweupe wa lenzi uliolowa ulidondokea kwenye ndoo chini yake. Unga huo ulimwingia kwenye nyusi, kwenye masikio, kwenye mfuko wa shati, hata mkewe alipofua nguo zake maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele. Pembeni ya mashine palikuwa na kompyuta. Kazi yenyewe ilikwenda hivi: kifaa kidogo kinasoma umbo la fremu, umbo linaingia kwenye kompyuta, kompyuta inalipeleka kwa waya hadi kwenye mashine, mashine inakata. Kompyuta na mashine zikinuniana, hakuna miwani.

Kompyuta ile ilikuwa ya kutupwa na yeye ndiye aliyeifufua. Aliung'oa mfumo wa zamani akaweka ule wa bure uitwao Linux, ambao alijifundisha mwenyewe kwa kusoma kwenye simu lenzi zikiwa zinakatwa. Ili mashine iijue kompyuta siku zote, aliandika faili dogo la mtandao lenye anwani isiyobadilika. Mistari michache tu, lakini aliipanga kwa uangalifu wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano, maana faili la namna hiyo ukikosea nafasi moja mwanzoni mwa mstari linakususia. Faili hilo lilikuwa fahari yake. Alimwonyesha mkewe picha yake kwenye simu, mkewe akasema ni zuri, kwa sauti ile ya mtu aliyeonyeshwa mchoro wa mtoto.

Basi fahari ikishakaa kichwani hutafuta watu wa kugonga. Injinia akawa mkali. Ukigusa kompyuta bila kumwuliza, siku yako imeharibika. Muuza fremu aliwahi kuweka kikombe cha chai karibu na kibodi, akahutubiwa mpaka chai ikapoa. Hata Daktari, mama aliyepima macho kwenye chumba cha mbele na ambaye duka lilikuwa lake, alikuwa anabisha hodi kabla ya kuingia karakana katika duka lake mwenyewe.

Shemeji aliingia pale kwa mlango wa Injinia. Alikuwa mdogo wa mkewe, mjane mwenye mtoto mmoja, na tangu mumewe afariki alikuwa akihangaika na vibarua vya hapa na pale. Mkewe Injinia alimsihi mumewe aseme neno kwa Daktari, naye akasema, na Daktari akamchukua mapokezi kwa majaribio. Shemeji alifanya kazi kama aliyezaliwa kwenye kaunta ile. Alikumbuka macho ya mtu, na jina la mjukuu aliyemsindikiza. Oda za lenzi alizituma kwa kompyuta ya karakana, kwa ruhusa maalumu, akikaa kwenye ncha ya kiti ili asichafue chochote. Na kwa kuwa alimwita Injinia kwa sauti kutoka mbele, "Shemeji, hii fremu imefika!", wateja wa siku nyingi nao wakaanza kumwita Shemeji. Duka likawa na raha yake.

Kisha siku moja umeme ulikatika kidogo ukarudi, na mashine ikaikana kompyuta.

Injinia alituma umbo, mashine ikakaa kimya. Akatuma tena. Akachomoa waya akaupuliza, akabadilisha waya, akaizima mashine na kuiwasha. Wapi. Mbele, watu walikuwa wamejaa benchi zima: dereva aliyekatazwa kuendesha bila miwani, mshonaji aliyekuja na nguo ya bibi harusi mapajani kwa sababu haoni tundu la sindano, mwalimu aliyevaa miwani ya kuazima iliyomfanya atembee kama anakanyaga mayai. Muuza fremu alikuja mlangoni kila mara kuuliza kama bado. Jasho jembamba likaanza kumtoka Injinia.

Ndipo alipofungua folda ya mtandao, mahali lilipokaa faili lake, akakuta faili lake lina wageni.

Yalikuwa mafaili matatu ambayo hakuyaandika. Majina yao yalianza na tisini, zikafuata herufi mbili kubwa, halafu mkururo wa tarakimu na herufi usio na kichwa wala miguu. Na kompyuta ilionyesha kwamba mwenye mafaili hayo ni mkuu wa mfumo, yaani mwenye funguo zote za nyumba. Roho ilimruka. Akafungua la kwanza, akapitisha macho kwenye mistari, akakutana na jina la mtandao wa simu: Simu ya Mama Mdogo.

Jina hilo alilijua. Watoto wake mwenyewe ndio waliomwandikia mama yao mdogo kwenye simu yake, wakacheka sana siku hiyo. Chini ya jina palikuwa na neno la siri la simu ile, wazi kabisa, kila herufi inaonekana. Injinia akaishia hapo. Mafaili mawili yaliyobaki hakuyafungua, na hapo ndipo mtu unatamani ungekuwepo umshike bega, umwambie ndugu yangu, soma yote. Lakini mtu aliyekwisha pata jibu hana muda wa kusoma. Aliyanakili yote matatu kwenye flashi kama ushahidi, akayafuta, akaizima kompyuta na kuiwasha. Mashine ikanguruma, lenzi ya dereva ikaanza kukatwa. Kwake huo ulikuwa uthibitisho kamili.

Angeweza kumwita Shemeji pembeni. Angeweza kusubiri watu waondoke. Lakini kifua kilikuwa kimejaa, akatoka na unga wake kwenye nyusi mpaka katikati ya duka, mbele ya benchi zima.

"Kuna mtu ameingia kwenye kompyuta yetu," alisema, "na amepitia kwenye simu ya Shemeji."

Daktari alitoka chumbani kwake, kurunzi ndogo ya kupimia macho bado inawaka mkononi. Shemeji alisimama nyuma ya kaunta bila kuelewa. Alipoulizwa, alikubali kwamba ndiyo, kuna siku mtandao wa duka ulikatika na oda zilikuwa za haraka, akaunganisha simu yake ili zitoke. Hakugusa kingine, alisema. Alisema hivyo mara mbili, mara ya pili kwa sauti ndogo zaidi. Injinia alimjibu kwamba hata kama hakugusa, simu yake ina kitu kibaya ndani, na kwamba lazima isafishwe yote irudi kama ilivyotoka dukani, la sivyo isikanyage tena mlango ule. Mshonaji alishusha macho kwenye nguo ya bibi harusi. Dereva alimtazama Shemeji juu mpaka chini.

Daktari hakuwa mtu wa kelele. Lakini kompyuta ile ilibeba habari za macho ya watu, na aliogopa. Akasema kuanzia hapo Shemeji asikae kwenye kompyuta. Afute vioo vya makabati, aite wateja kwa zamu, na habari ya kumpa kazi ya kudumu itaangaliwa mwisho wa mwezi. Kila mtu alielewa maana ya kuangaliwa. Shemeji akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Nyumbani mkewe alimwuliza swali moja tu, kama ana hakika. Injinia akamwambia mafaili hayasemi uongo. Mkewe akaendelea kukunja nguo, na kwa siku zilizofuata akawa anamwekea chakula mezani na kwenda kula na watoto.

Barabarani mambo yalikuwa kinyume. Muuza fremu aliisambaza habari kuanzia duka la dawa mpaka kwa mpiga picha wa kona, na kila ilipopita iliongezwa chumvi. Wakawa wadukuzi, tena wa nchi za mbali, na Injinia amepambana nao kwa mikono miwili wakakimbia. Mwenye duka la dawa alimwomba apitie kompyuta yake. Mpiga picha alimwita kaka, yeye ambaye zamani hata salamu alimpa kwa kidevu. Injinia hakuwakatalia. Mwanzoni alisema tu kwamba ni kweli kulikuwa na tatizo. Baadaye akawa anasimulia mwenyewe, na ile chumvi aliyoikuta aliiacha humo humo.

Jumatatu mtandao wa duka ulikatika tena. Safari hii Shemeji alikuwa mbele na kitambaa chake, kwa hiyo Injinia mwenyewe alitoa simu yake, akaiunganisha na kompyuta, akatuma oda. Kisha, kwa kujifurahisha tu, kama mtu anayejitazama kwenye kioo akipita, akafungua folda ya mtandao aone lilivyo safi faili lake.

Lilikuwa na mgeni mmoja. Tisini, herufi mbili kubwa, mkururo ule ule. Alilifungua, akasoma ndani jina la simu yake mwenyewe.

Alikaa pale mkono uko kwenye kipanya. Alilifuta faili, akaiunganisha simu upya, faili likarudi na jina jingine refu lisilo na maana. Hakuna aliyeingia. Hakuna aliyekuwa ameingia hata siku ile. Akatafuta maelezo ya toleo jipya la mfumo, lile aliloliweka yeye mwenyewe wakati wa sikukuu, maelezo ambayo alikuwa ameyapita kwa kubofya endelea, endelea, endelea. Yalikuwa yameandikwa kwa lugha nyepesi kabisa. Kuanzia toleo hili, kila mtandao utakaouunganisha au kuubadilisha kwa kubofya, mfumo wenyewe utauandikia faili katika folda hii, na faili la namba kubwa litasomwa mwisho na neno lake ndilo litakalofuatwa.

Akachomeka flashi. Lile la simu ya Shemeji alilisoma sasa mpaka mwisho: lilihusu simu tu, halikugusa waya wa mashine hata kwa ncha. La pili lilikuwa la mtandao wa kawaida wa duka, ambao baada ya kulifuta aliuongeza kwa mkono kwenye faili lake. La tatu ndilo lililohusu waya, na liliambia kompyuta iachane na anwani isiyobadilika, ijitafutie yenyewe popote. Jina la uunganisho, kwa herufi nzuri, lilikuwa Karakana.

Jina hilo aliliandika yeye. Alikumbuka mpaka mahali Daktari aliposimama. Ilikuwa baada ya toleo jipya, akamwita Daktari aone dirisha la mipangilio linavyopendeza, akabadilisha jina mbele yake, akabofya hapa na pale kumwonyesha jinsi anwani inavyoweza kuwekwa ya kujitafutia, akabofya hifadhi, na hapo mteja akaita na yeye akaenda, asirudi kutengua. Kompyuta iliendelea na anwani ya zamani kwa kuwa haikuwa imezimwa. Umeme ulipokatika na kurudi ndipo ikatii kile ilichoambiwa. Mfumo haukuwa na kosa. Shemeji hakuwa na kosa. Mdukuzi wa duka lile alikuwa na unga kwenye nyusi.

Sasa hapo ndipo ningependa kusema kwamba alinyanyuka akaenda mbele. Alinyanyuka kweli. Alifika mpaka kwenye pazia la karakana, na upande wa pili akamsikia Daktari akimwambia mwenye duka la dawa, "Bila huyu bwana tungekuwa tumekwisha." Pazia likafunguliwa, wote wawili wakamtazama kwa tabasamu. Injinia alifungua mdomo. Akasema ni kazi tu, hana alilofanya. Ilikuwa kweli tupu, na wao wakaiona ni unyenyekevu. Nyuma yao Shemeji alikuwa anafuta kioo cha mlango, na kwa sababu aliogopa kuingilia mazungumzo ya wakubwa, alikuwa anafuta pale pale alipokwisha futa.

Aibu ikamwingia na ikakataa kutoka. Ilikaa naye kwenye kiti. Ilimfanya aitie fremu lenzi isiyo yake, mara akose kumtazama mteja machoni, kazi ambayo wote pale waliifanya kwa riziki. Kila asubuhi alijiambia leo, na kila leo ilikuwa na sababu yake. Daktari ana wageni. Daktari amechoka. Muuza fremu yupo. Alijipa moyo kwamba atamsemea Shemeji vizuri mwisho wa mwezi, apate kazi yake, mambo yaishe kimya kimya na hakuna atakayeumia. Alirudia maneno hayo, hakuna atakayeumia, hadi yakaanza kumtuliza kidogo.

Jumatano Shemeji alikuja mlangoni pa karakana. Hakuingia; alisimama nje ya kizingiti, simu ameishika kwa mikono yote miwili.

"Shemeji, samahani," alisema. "Hakuna njia nyingine ya kuisafisha hii, bila kufuta kila kitu?"

Mashine ilikuwa inanguruma. Ukiniuliza mimi, ule ndio mlango aliofunguliwa, mpana, na hakuna mtu mwingine karibu. Angesema maneno machache tu. Lakini angesema nini, kwamba haihitaji kusafishwa? Angeulizwa kwa nini. Injinia aliinamia lenzi ambayo haikuhitaji kuinamiwa.

"Safisha tu," alisema. "Ndiyo njia salama."

"Haya," Shemeji aliitikia. Kisha akarudi mbele.

Jumapili mchana alikuja nyumbani kwao. Watoto walimkimbilia wakimwita mama mdogo, akawakumbatia mmoja mmoja, akawaomba wakacheze nje kwa sababu ana mazungumzo. Aliketi kwenye kochi bila kuegemea. Mkewe Injinia akakaa mkabala naye, na Injinia, ambaye alikuwa anataka kutoka, akakosa pa kutokea.

Shemeji alisema amekuja kuomba radhi. Alisema amefikiri sana, na ingawa hakukusudia, ni kweli aliunganisha simu bila kumwuliza mwenye mitambo, na kama mtu mbaya alipitia humo basi mlango aliufungua yeye. Injinia alimtafutia kazi na yeye akamletea balaa. Alimwomba asimfikirie kwamba hana shukrani. Na simu ameisafisha, alisema, Jumatano ile ile jioni, imekuwa kama mpya. Akaitoa kwenye mkoba akaiweka mezani ili Injinia aikague.

Mkewe aliitazama simu, hakuigusa. Alimwuliza mdogo wake kuhusu sauti za marehemu.

Injinia hakujua kwamba kulikuwa na sauti. Alijua sasa, kwa kuwasikiliza dada wawili wakizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba yeye hayupo. Mume wa Shemeji, miezi ile alipolazwa, hakuwa na nguvu ya kuandika, akawa anamrekodia mkewe ujumbe wa sauti kitandani. Alimwambia mambo ya kawaida: nesi gani mkorofi, mvua imenyesha, mtoto afanye hesabu zake. Mtoto alikuwa akizisikiliza. Shemeji alijaribu kuzihamishia kwenye simu ya jirani, ikakosa nafasi. Akafikiria kwenda kwa mafundi wa simu, akaogopa hicho kitu kibaya kisihamie kwa watu. Ndiyo maana alichelewa kusafisha, alisema, na akaomba radhi kwa hilo nalo.

"Zimekwenda," alimwambia dada yake. "Si neno. Maneno yenyewe mengi nayakumbuka."

Wako watu waliokwisha kufa kwa aibu, husemwa hivyo, lakini huo ni msemo tu. Injinia aliomba iwe kweli na haikuwa. Moyo ulikuwa unapiga vizuri, pumzi zinaingia na kutoka. Alijisikia anaongea. Alisema simu haikuwa na kitu. Alieleza mafaili, mfumo unavyoyaandika wenyewe, dirisha la mipangilio, jina la Karakana, umeme. Alieleza mno, kama mtu anayetumaini kwamba akitaja vipande vingi vya kutosha yeye mwenyewe atapotea katikati yake. Nje watoto walikuwa wanabishana zamu ya nani.

Shemeji aliuliza jambo moja. "Ulijua lini?"

Na hapo, nimpe haki yake, uongo ulikuwa karibu sana. Jana. Leo asubuhi. Hakuna mtu duniani angemgundua.

"Jumatatu," alisema.

Shemeji alichukua simu yake mezani akairudisha kwenye mkoba, akafunga zipu polepole. Alimuaga dada yake. Mlangoni alivaa viatu, kimoja kikamsumbua, akainama akakivuta kisigino, akaenda zake. Mkewe Injinia alibaki amekaa. Alimwambia mumewe, bila kumtazama, kwamba kesho atasema pale pale alipomsingizia mdogo wake, mbele ya benchi, na asidhani kwamba kusema sebuleni kunatosha.

Alisema. Kesho yake, saa za watu wengi, alitoka na unga wake akasimama katikati ya duka, na safari hii hakuna maneno yaliyomsukuma kutoka kifuani. Ilibidi ayatoe moja moja. Hakueleza mfumo. Alisema kwamba hakuna mtu aliyeingia kwenye kompyuta, kwamba tatizo alilifanya yeye kwa mkono wake, na kwamba alimsingizia Shemeji, akajua tangu Jumatatu iliyopita kwamba amemsingizia, akanyamaza. Wateja wa siku hii hawakuwa wale wa siku aliyomsingizia Shemeji. Wengi hawakujua anazungumzia nini. Bibi mmoja alimpa pole akidhani amefiwa. Kumbe hata aibu yenyewe ukiichelewesha haikupi tena watu uliowahitaji: dereva yule alikuwa anaendesha mahali fulani, na kichwani mwake bado yuko mwanamke wa mapokezi aliyeleta wezi.

Muuza fremu, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakuwa na la kuchangia. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya koti jeupe.

"Ungeniambia Jumatatu ile ile, ningecheka," alisema.

Alimgeukia Shemeji akamwomba radhi mbele ya wote, akamwambia arudi kwenye kompyuta, na kazi ni yake kuanzia leo, hakuna cha kusubiri mwisho wa mwezi. Injinia hakufukuzwa. Lenzi zilikuwa zimejaa trei na hapakuwa na mwingine wa kuzisaga, na yeye alijua kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, na Daktari hakujisumbua kumfichia.

Shemeji aliketi kwenye kompyuta, kwenye kiti chote, akaanza kufungua oda zilizolimbikizana. Injinia alizungukazunguka karibu na mashine, akashika hiki akaacha kile. Mwishowe alisema kwamba kuna programu fulani za kurudisha vitu vilivyofutwa, si hakika, lakini mara nyingine hupatikana kipande. Akiachiwa simu ile kwa siku moja tu, anaweza kujaribu.

Shemeji alimaliza kwanza kuandika oda aliyokuwa nayo, akaituma.

"Jumatano nilikuja kukuuliza kama kuna njia nyingine," alisema. "Leo sina swali."

Kisha, kupitia pazia, akamwita mteja aliyefuata.